Maswali ya Wasomaji: Daktari anayetaka kuwa mtafiti wa mifumo ya afya

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa madaktari vijana wanaoona kwamba tatizo linalowaulia wagonjwa halipo kitandani, bali stoo, ofisini na barabarani. Tumechagua chache na kuzijibu kwa kirefu pale panapohitaji.

Mimi ni daktari, nimemaliza utarajali, sasa niko hospitali ya wilaya. Nasikia watu wakitaja "mtaalamu wa mifumo ya afya" lakini kazi yenyewe siioni. Daktari wa upasuaji anapasua. Huyu anafanya nini? – Daktari, Mbeya

Daktari, chukua mama mmoja aliyejifungua na damu haikatiki. Wewe wodini unajiuliza mambo manne: mfuko wa uzazi umelegea, kondo limebaki, amechanika, au damu haigandi? Mtaalamu wa mifumo anaanza na maswali hayo hayo, kisha anaongeza la tano: kwa nini sindano ya oksitosini, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ili damu ikatike, haikufanya kazi?

Oksitosini hutakiwa kukaa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8. Katika vituo vingi friji ipo, lakini ni ya chanjo na iko chumba kingine, funguo anazo mhudumu wa chanjo. Kwa hiyo mkunga wa zamu ya usiku hutoa ampuli chache mchana na kuziacha kwenye trei ya chumba cha kujifungulia. Siku ya kwanza hakuna shida, lakini ampuli zikilala hapo wiki nzima kwenye joto, siku hadi siku, nguvu inapungua. Vitabu vya MTUHA, yaani rejista za takwimu za kituo, vitaonyesha kuwa mama alipewa dawa. Takwimu itakuwa nzuri, na mama atakuwa amefariki. Dawa kama kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo Shirika la Afya Duniani lilianza kuipendekeza mwaka 2018 kwa mahali ambapo ubaridi hauna uhakika, inaziba pengo hilo kwa kiasi, lakini lazima mtu ajue kwanza kuwa pengo lipo.

Sasa nenda stoo. Kituo kimetumia ampuli 120 katika kipindi cha siku 60, na mfamasia anaagiza 120 nyingine. Inaonekana sawa kabisa. Fungua kadi ya stoo uone: kwa siku 20 kati ya hizo 60 dawa haikuwepo kabisa. Ampuli 120 zilitumika kwa siku 40 tu, yaani 3 kwa siku. Mahitaji ya kweli ya siku 60 ni 180. Akiagiza 120, dawa itaisha tena mapema, matumizi yatakayoandikwa yatakuwa madogo tena, na oda inayofuata itakuwa ndogo tena. Kituo kinajinyima chenyewe kwa hesabu zake, na hakuna aliyeiba wala aliyezembea. Fomula ni nyepesi: matumizi, mara siku za kipindi, gawanya kwa siku ambazo dawa ilikuwepo. Ugumu ni kwamba safu ya siku ambazo dawa haikuwepo mara nyingi huachwa wazi, au hujazwa sifuri ili ripoti isirudishwe.

Hiyo ndiyo kazi. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani liligawa mfumo wa afya katika nguzo sita: utoaji wa huduma, watumishi, taarifa, dawa na vifaa tiba, fedha, na uongozi. Mgawanyo huo unasaidia kupanga mawazo, ila usiuchukulie kama ramani ya dunia. Mama wa mfano wetu amekufa katikati ya nguzo nne kwa mpigo, na mtafiti mzuri hutambulika kwa uwezo wa kufuata uzi kutoka nguzo moja hadi nyingine. Mwaka 2018 tume ya kimataifa iliyochunguza ubora wa mifumo ya afya ilikadiria kuwa vifo milioni 8.6 kwa mwaka katika nchi za kipato cha chini na cha kati vingeweza kuzuilika kwa huduma. Kati ya hivyo, milioni 5 ni vya watu ambao walifika hospitali na kuhudumiwa vibaya. Milioni 3.6 tu ndio ambao hawakupata huduma. Kwa miaka mingi tulidhani kazi kubwa ni kumfikisha mgonjwa mlangoni.

Niko mwaka wa tano wa udaktari. Nifanye shahada ya uzamili ya afya ya jamii mara tu baada ya utarajali, au nisome ubingwa kwanza? Nataka kuishia chuo kikuu. – Mwanafunzi, Dodoma

Hesabu miaka kwanza. Udaktari Tanzania ni miaka 5, Chuo Kikuu cha Nairobi ni 6. Utarajali mwaka 1. Uzamili wa afya ya jamii mwaka 1 hadi 2 kutegemea chuo, ubingwa kwa kawaida miaka 3, uzamivu 3 hadi 4 ukienda vizuri. Ukifanya vyote mfululizo bila kupumua utakuwa na vyeti vingi na hujawahi kusaini oda ya dawa.

Ushauri wetu ni wazi, na tunajua wapo wasiokubaliana nao: usiende uzamili kabla ya kufanya kazi angalau miaka miwili, na katika miaka hiyo jitahidi uingie karibu na timu ya uendeshaji wa huduma za afya ya halmashauri. Omba ukae nao wanapoandaa mpango kabambe wa afya wa halmashauri, ule unaoitwa CCHP. Utaona bajeti inavyokatwa, fedha zinavyochelewa hadi robo ya mwaka inakwisha, na mafuta ya gari la wagonjwa yanavyogombaniwa na gari la usimamizi. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 Tanzania ilianza kupeleka fedha moja kwa moja kwenye akaunti za vituo. Mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye wakati mwingine ndiye mtabibu pekee, akawa pia mhasibu. Kaa naye siku moja anapofunga hesabu za mwezi. Darasani utaambiwa "ugatuaji wa fedha". Pale utauona ukila muda wa wagonjwa.

Kuhusu ubingwa, ukiwa unaipenda tiba, soma. Daktari bingwa wa watoto anayezungumzia mfumo husikilizwa na madaktari wenzake, na hilo si dogo siku unapowaambia wabadili utaratibu wa wodi. Agnes Binagwaho wa Rwanda ni daktari wa watoto. Alikuwa Waziri wa Afya kuanzia 2011 hadi 2016, uzamivu wake akaupata 2014 akiwa kwenye uwaziri, kisha akaongoza chuo kikuu cha afya kilichopo Butaro. Miriam Were wa Kenya, daktari na mhadhiri wa Nairobi, alijenga huduma za afya za kijamii vijijini Kakamega miaka ya 1970, na mwaka 2008 akapewa Tuzo ya Afrika ya Hideyo Noguchi kwa kazi iliyoanzia huko. Njia zao ni tofauti, lakini wote wawili walizijua huduma kwa mikono yao kabla ya kuzifundisha.

Jambo moja la kiutumishi: ukishaajiriwa serikalini, pata ruhusa ya masomo kwa maandishi kabla hujaondoka. Barua ya chuo na barua ya ufadhili hazitoshi. Wapo waliosafiri wakitegemea ahadi ya mdomo, wakarudi na shahada wakakuta jina limeondolewa kwenye orodha ya mishahara kwa utoro.

Ngazi za chuoni zinaanzia mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, hadi profesa. Bila uzamivu, kwa kawaida utakwama mhadhiri msaidizi. Baada ya hapo kinachokupandisha ni machapisho na kufundisha, na hapo alama zako za shahada ya kwanza nazo huangaliwa wakati wa kuajiriwa. Mnaosoma sasa msidharau somo lolote.

Andiko langu la uzamivu limekataliwa mara tatu. Wanasema swali ni pana. Kichwa ni "Athari za bima ya afya kwa wananchi wa Pwani ya Kenya". Nipunguze wapi? – Daktari, Kilifi

Dada, kichwa chako kina maswali kama kumi ndani yake. Bima ipi? Athari kwa nini: mfuko wa familia, kwenda hospitali, ubora wa tiba? Wananchi gani? Ukilinganisha na nani?

Kenya imekupa nafasi ambayo haijirudii. Tarehe 1 Oktoba 2024 mfuko wa zamani wa bima ya afya, NHIF, uliondoka na mamlaka mpya, SHA, ikaingia, mchango ukawa asilimia 2.75 ya kipato, na kiwango cha chini shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwenye mshahara mchango hukatwa moja kwa moja. Kwa mvuvi wa Malindi au mama wa kibandani, kipato hukadiriwa kwa maswali kuhusu nyumba na mali. Hapo ndipo kuna swali linaloshikika: "Katika kaya za sekta isiyo rasmi kaunti ya Kilifi, je, zinazolipa SHA zina matumizi madogo ya mfukoni kwa matibabu kuliko zisizolipa?" Sasa kuna watu, mahali, kitu cha kupima na kundi la kulinganisha.

Halafu jihadhari na mtego ambao umewanasa wengi. Kipimo kilichozoeleka kwa miaka mingi huhesabu kaya kuwa imeumizwa na gharama ikiwa matibabu yamekula zaidi ya asilimia 10, au 25, ya matumizi yake yote. Kaya iliyouza mbuzi ili mtoto afanyiwe upasuaji itahesabiwa imeumia. Kaya jirani, iliyokaa na mgonjwa ndani kwa sababu haikuwa hata na nauli, itaandika sifuri na kuhesabiwa imelindwa. Ukiishia kwenye kipimo hicho, maskini wa mwisho kabisa watatokea kwenye jedwali lako kama watu salama. Kwa hiyo dodoso lazima liulize: "Katika wiki 4 zilizopita, kuna mtu aliyeugua na hakwenda kutibiwa? Kwa nini?" Tumia wiki 4 kwa matibabu ya kurudi nyumbani na miezi 12 kwa kulazwa. Ukiuliza miezi 12 kwa panadoli watu hawakumbuki. Ukiuliza wiki 4 kwa kulazwa hutapata kesi za kutosha.

Sasa sampuli, ambapo wakaguzi wa andiko hutazama kwanza. Tuseme hujui ni kaya ngapi kati ya mia zina hali unayoipima, unachukua asilimia 50, na unataka usahihi wa asilimia 5 juu au chini. Mraba wa 1.96 ni takriban 3.84, zidisha kwa 0.5 mara 0.5; gawanya kwa mraba wa 0.05. Unapata 384.16, yaani kaya 385. Wengi huishia hapo na ndipo andiko linapokufa. Huchukui kaya 385 zilizotawanyika kaunti nzima, unachukua vijiji, kisha kaya ndani ya kijiji, na majirani hufanana: kisima kimoja, zahanati moja, kipato kinachokaribiana. Kwa hiyo unazidisha. Ukichukua mara 2, ni 770. Ukitarajia asilimia 10 watakataa au hawatakuwepo, gawanya kwa 0.9: kaya 856. Vijiji 30, kila kimoja kaya 29, jumla 870. Na hiyo 2 usiiweke kwa sababu kila mtu anaiweka. Ni 1 kujumlisha kaya za kijiji ukitoa moja, mara kiwango cha kufanana. Kaya 29 na kufanana kwa 0.05 inakupa 2.4, si 2. Ukipunguza kaya hadi 15 kwa kijiji inashuka hadi 1.7, ila sasa utahitaji vijiji vingi zaidi na mafuta ya gari zaidi. Andika uamuzi huo na sababu yake kwenye andiko. Tena, kwa kuwa swali lako linalinganisha makundi mawili, hesabu hii ni sakafu tu. Mtaalamu wa takwimu akukokotolee ya tofauti ya makundi kabla hujawasilisha.

Vibali: upitie kamati ya maadili iliyoidhinishwa, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kisha barua ya kaunti. Kwa wenzako wa Tanzania ni kamati ya chuo, kamati ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, halafu mkoa na halmashauri. Tenga miezi 6 kwenye ratiba. Anayetenga miwili huishia kukusanya takwimu msimu wa mvua, barabara zimefungwa, na vijiji vya mbali, ambavyo ndivyo vilivyokuwa sababu ya utafiti, vinaondolewa kwenye orodha.

Kuhusu ufadhili, kwa Kenya angalia CARTA, mpango wa kuandaa watafiti wa Afrika, unaoongozwa na kituo cha utafiti cha APHRC cha Nairobi pamoja na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Hupokea watumishi wa vyuo na taasisi wanachama, kwa hiyo kuwa mwajiriwa kwanza kunasaidia. Skolashipu za DAAD ya Ujerumani na za Jumuiya ya Madola nazo zinafaa. Soma masharti ya umri na ya miaka tangu shahada ya mwisho kabla hujapoteza mwezi ukiandika.

Nilikusanya takwimu wilaya tatu kwa miezi minane kwa mradi wa chuo cha ng'ambo. Makala imetoka, jina langu limewekwa kwenye shukrani tu. Naweza kudai? – Tabibu, Morogoro

Unaweza kuuliza, na uulize kwa maandishi na kwa adabu, ukitaja ulichofanya. Lakini tuwe wakweli kuhusu kanuni. Vigezo vinavyofuatwa na majarida mengi ya tiba ni vinne, na vyote vinahitajika: kwanza, kuchangia kwa uzito wazo, ukusanyaji au uchambuzi; pili, kuandika au kuhariri kwa kina; tatu, kuidhinisha toleo la mwisho; na nne, kukubali kuwajibika. Miezi minane ya kukusanya ni kigezo cha kwanza kimetimia. Kosa, na kwetu ni kosa la kweli, ni kwamba hukupewa rasimu ili utimize cha pili. Kanuni zenyewe zinasema aliyetimiza cha kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika vingine, hazitakiwi kutumika kumfungia mtu nje. Hoja yako ijengwe hapo.

Kwa mradi unaofuata, kabla ya dodoso la kwanza, andikeni ukurasa mmoja: makala zipi zitatoka, nani mwandishi wa kwanza wa kila moja, nani wa mwisho, takwimu zitahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuzichambua baada ya mradi. Mtanzania awe wa kwanza au wa mwisho angalau kwenye baadhi. Kamati ya kupandisha vyeo haimtazami aliye wa saba kati ya kumi na wawili kama inavyomtazama wa kwanza. Na ombeni muda wa uchambuzi uwe kwenye bajeti ya hapa, kwa sababu rasimu huandikwa na yule aliyelipwa kukaa na kompyuta.

Jarida limeniandikia likisifu kazi yangu na kuahidi kuichapisha ndani ya siku tano kwa ada. Nilipe? – Dar es Salaam

Usilipe. Uhakiki wa wataalamu haufanyiki siku tano. Majarida mengi halali hufuta au kupunguza ada kwa waandishi wa nchi za kipato cha chini, ila omba wakati wa kuwasilisha, si baada ya kukubaliwa. Kusoma makala za wengine bila malipo, maktaba yenu iulizwe kuhusu Hinari, huduma ya majarida mtandaoni ya Shirika la Afya Duniani, ipo tangu 2002.

Miradi ya Marekani ilisimamishwa Januari 2025 na wenzangu watano wakapoteza kazi. Hii fani ina usalama? – Mtafiti, Mwanza

Pole sana kwako na kwa wenzako. Waliopotelewa wengi walikuwa na mkataba unaokufa na mradi, na ujuzi uliofungwa kwenye taarifa za mfadhili mmoja. Wenye nafasi ya kudumu chuoni walipoteza nyongeza ya kipato, lakini mshahara ulibaki. Kwa hiyo ukipewa kuchagua kati ya mradi unaolipa mara tatu kwa miaka miwili na nafasi ya mhadhiri, tungekushauri nafasi, uongeze miradi juu yake.

Katika bajeti za miradi, muda wako ni asilimia. Jumla yake isizidi 100, ukihesabu na kufundisha. Tunaona watu wameandikwa 40 kwenye miradi mitatu na bado wana madarasa. Siku mkaguzi wa fedha akija, chuo hurudisha pesa na jina lako ndilo linaloandikwa.

Jifunze yale ambayo wizara itayahitaji hata wafadhili wakiondoka wote: kukokotoa gharama halisi ya huduma, kuchambua DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za vituo vya afya, na kujua lini takwimu zake zinadanganya, kukadiria michango na malipo ya bima. Tanzania ina sheria ya bima ya afya kwa wote tangu 2023, na mtu lazima akae chini ahesabu kifurushi kinagharimu nini kwa mwanachama mmoja.

Niko Bukavu, nimesoma kwa Kifaransa. Kiingereza changu ni kidogo. Nianzie wapi? – Daktari, Kivu Kusini

Anzia hapo ulipo. Bukavu ina shule ya afya ya jamii ya kanda katika chuo kikuu cha Kikatoliki, na Kinshasa ina shule yake tangu miaka ya 1980. Kongo ina zone za afya zaidi ya 500, kila moja ina daktari mkuu na hospitali yake ya rufaa, na kazi ya daktari mkuu wa zone ndiyo shule bora ya mifumo tunayoifahamu: chanjo, fedha, wakimbizi, dawa, vyote mezani kwake asubuhi moja. Taasisi ya tiba ya kitropiki ya Antwerp, Ubelgiji, imefundisha kwa Kifaransa madaktari wengi wa aina hiyo. Kiingereza kianze sasa, nusu saa kwa siku, kwa kusoma muhtasari wa makala mbili za somo unalolijua tayari. Istilahi utazikuta ni zilezile, kitakachobaki kujifunza ni vitenzi.

Nikiwa mhadhiri niendelee kuona wagonjwa? – Daktari, Moshi

Ndiyo, siku moja ya kliniki kwa wiki, ile ile kila wiki, iandikwe kwenye ratiba ya idara. Leseni ya udaktari huhuishwa kila mwaka kwa pointi za mafunzo endelevu, na Kenya ni pointi 50. Chagua kliniki ya magonjwa ya muda mrefu, kama kisukari au shinikizo la damu, ambako mgonjwa hurudi na unaweza kumfuatilia. Zamu za dharura ziachie walio wodini kila siku.